Pima Pembe Zote Nne Kabla ya Kulipa

SOMO LA KIKUNDI: Mashine ya kukata kwa leza na urefu wa njia ya mwanga



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: "Tumeweka akiba yetu. Tumesikia Nairobi kuna mashine za leza zinazokata mbao na plastiki zenyewe, bila msumeno. Je, tununue?"

Hatuwezi kumjibu mtu ndiyo au hapana kabla hatujaona daftari lake la hesabu. Lakini kuna jambo moja tunaloweza kuwafundisha, ambalo wauzaji wengi hawalitaji na wanunuzi wengi hawajui kuliuliza. Nalo ni hili: mwanga husafiri umbali gani ndani ya mashine kabla ya kufika kwenye mbao? Umbali huo usipolingana, kazi nayo haitalingana. Na kazi isipolingana, wanakikundi huanza kutazamana kwa jicho baya.

Someni somo hili pamoja mkutanoni. Mtahitaji tochi moja, chaki kidogo, na kamba ya mita kumi hivi.

1. MASHINE HIZI HUFANYA NINI?

Ukishuka matatu katikati ya mji wa Nairobi na kupita River Road na vichochoro vyake, utaona vibanda vya watu wanaotengeneza mihuri ya ofisi, vibao vya majina ya milangoni, na ngao za zawadi za michezo. Ukielekea magharibi, kwa njia ya Westlands au Ngong Road, utakuta karakana zinazokata mabango ya maduka na mapambo ya samani. Nyingi za kazi hizi, ambazo zamani zilifanywa kwa mkono, siku hizi hufanywa kwa leza.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko California, Marekani. Mwaka 1964 mwanasayansi mzaliwa wa Uhindi, Kumar Patel, akatengeneza leza inayotumia gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile gesi tunayoitoa tunapopumua. Leza ya gesi hiyo ndiyo iliyo ndani ya mashine nyingi za kukata mbao na plastiki.

Hapa kwetu, vijana wengi waliijua kwanza kupitia karakana za mafunzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha FabLab, karakana iliyo katika mtandao wa karakana za aina hiyo uliotokana na chuo cha MIT cha Marekani. Dkt. Kamau Gachigi, aliyeiongoza, baadaye alikuwa mwanzilishi wa Gearbox, karakana ya watu wote, ambayo siku zake za mwanzo ilikuwa katika jumba la Bishop Magua, Ngong Road, kabla ya kuhamia Industrial Area. Kwa hiyo tusidhani kwamba leza ni kitu cha wageni tu. Ni chombo cha fundi, kama randa na msumeno. Na kama randa na msumeno, kina tabia zake ambazo lazima uzijue.

2. KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Tunakijua kikundi kimoja cha akina mama na vijana upande wa Dagoretti. Walitukubalia tueleze yaliyowapata, mradi tusitaje jina lao.

Walichanga kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Halafu wakaamua kununua mashine ya leza iliyokwisha kutumika, yenye meza ya milimita 1300 kwa 900. Wakatumwa watu watatu mjini: mama mwenyekiti, mweka hazina, na kijana mmoja aliyesomea ufundi. Muuzaji akaweka kipande kidogo cha plaiwudi kwenye pembe ya nyuma, upande wa kushoto. Akabonyeza. Baada ya muda mfupi kikatoka kibao kizuri chenye jina la kikundi, kingo zake laini kabisa.

"Mama, mmeona wenyewe," akasema. "Hii mashine ni moto!"

Wakapiga makofi. Wakalipa. Mashine ikabebwa kwa pikapu mpaka nyumbani.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa herufi za mbao kwa ajili ya watoto wa chekechea. Walipanga herufi zikajaa meza nzima. Zile zilizokatwa nyuma kushoto zilianguka zenyewe kama maharagwe makavu kutoka kwenye ganda. Zile za mbele kulia ziling'ang'ania. Waliposukuma kwa kisu, mbao ikachanika. Ikaharibika plaiwudi moja, ya pili, ya tatu.

Sasa nani alaumiwe? Aliyekuwa akiendesha mashine ni yule kijana. Wengine wakasema anacheza na simu badala ya kuangalia kazi. Wengine wakasema anaongeza mwendo ili aende nyumbani mapema. Kamati ikaamua gharama ya plaiwudi ikatwe kwenye malipo yake. Kijana hakubishana. Ila wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia hakuja.

Baadaye fundi mmoja kutoka Ngong Road akaitwa kuitazama ile mashine. Hakufungua kitu chochote kwanza. Aliuliza swali moja tu: "Pembe ile ya mbali mliijaribu lini?"

Wakatazamana. Hawakuwa wameijaribu.

3. KWA NINI PEMBE YA MBALI NI TOFAUTI?

Fanyeni jaribio hili usiku, au katika chumba chenye giza. Mtu mmoja asimame hatua moja kutoka ukutani na kuwasha tochi. Mwingine azungushe chaki kufuata duara la mwanga. Kisha mwenye tochi arudi nyuma hadi hatua nne. Zungusheni chaki tena. Mnaona nini? Duara la pili ni kubwa zaidi, na mwanga wake ni hafifu. Tochi ni ile ile na betri ni zile zile. Kilichobadilika ni umbali tu.

Mwanga wa leza hautawanyiki haraka kama wa tochi. Unakwenda kama fimbo nyembamba, ndiyo maana tunauita mwale. Lakini hata fimbo hiyo hunenepa kidogo kidogo kadiri inavyokwenda mbali.

Sasa tazameni mwale unavyosafiri katika mashine ya kawaida. Nyuma ya mashine kuna bomba refu la kioo lenye gesi. Bomba hilo halisogei. Mwale hutoka kwenye bomba, hugonga kioo cha kwanza kilicho pembeni, hugeuka na kwenda mpaka kioo cha pili kilicho kwenye daraja linalosogea mbele na nyuma, hugeuka tena na kufuata daraja mpaka kioo cha tatu kilicho kwenye kichwa cha mashine. Hapo hugeuzwa kuelekea chini na kupita kwenye lenzi. Lenzi huukusanya mwale wote uwe nukta moja ndogo ya moto, vile watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuza juani. Nukta hiyo ndiyo inayokata.

Kichwa kikiwa karibu na bomba, mwale una safari fupi. Kichwa kikiwa pembe ya mbali, safari ni ndefu. Fundi aliwafanyia wale wa Dagoretti hesabu ya chaki sakafuni, nasi tunawaonyesha.

Tuseme kwenye pembe ya karibu mwale umesafiri sentimita 60. Ili kufika pembe ya mbali, lazima uongeze upana wa meza, sentimita 130, na kina cha meza, sentimita 90. Jumla ni sentimita 280. Tofauti kati ya pembe hizo mbili ni sentimita 220, yaani zaidi ya mita mbili, ndani ya mashine moja!

Tuseme tena mwale unatoka kwenye bomba ukiwa na unene wa milimita 5, na unanenepa milimita 3 kila mita. Kwenye pembe ya karibu utafika kwenye lenzi ukiwa na unene wa karibu milimita 7. Kwenye pembe ya mbali utafika ukiwa na zaidi ya milimita 13. Lenzi ikipokea mwale mwembamba hutengeneza nukta ya aina moja. Ikipokea mwale mnene hutengeneza nyingine. Ukubwa wa nukta hubadilika, na mahali pake hupanda au kushuka kidogo. Tena mwale mnene unaweza kugusa kingo za kishikio cha lenzi, na moto mwingine ukapotelea hapo. Ndiyo maana mbao inakatika huku na kung'ang'ania kule.

Katika mashine kubwa za gesi zinazokata vyuma, ambazo hutumia lenzi za masafa marefu, jambo hili ni kubwa zaidi. Kuhama kwa nukta kwa milimita chache tu kunatosha kuharibu bamba zima. Ndiyo maana wahandisi wa mashine hizo walitafuta njia za kuufanya urefu wa safari ya mwale ubaki ule ule, kichwa kiwe wapi kiwe.

4. WAHANDISI HUSAWAZISHAJE NJIA YA MWALE?

Njia ya kwanza: mbao isogee, mwanga ukae. Kichwa kinafungwa mahali pamoja, na meza ndiyo inayopeleka mbao huku na huku, kama cherehani: sindano haiendi kwenye nguo, nguo ndiyo huletwa kwenye sindano. Hapo safari ya mwale haibadiliki hata kidogo. Ubaya wake ni nafasi. Meza ya mita moja inahitaji mita mbili za kusogea. Tena mbao nzito haigeuki haraka.

Njia ya pili: bomba lipande juu ya daraja. Bomba likisogea pamoja na daraja, basi safari ya mbele na nyuma haiongezi urefu. Inabaki ile ya kushoto na kulia tu. Tofauti inapungua, ingawa haiishi.

Njia ya tatu: kisawazishi cha vioo viwili. Hii ndiyo ya werevu mwingi, na mnaweza kuiigiza kwa kamba. Wachagueni watu watatu. Bomba na Kichwa wasimame bega kwa bega. Kisawazishi asimame hatua sita mbele yao, akiwatazama. Bomba ashike ncha moja ya kamba. Kamba iende mpaka kwa Kisawazishi, imzunguke kiunoni, irudi mpaka kwa Kichwa, naye aishike ikiwa imenyooka. Hesabuni: hatua sita za kwenda na sita za kurudi, jumla kumi na mbili. Hiyo ndiyo safari ya mwale.

Sasa Kichwa arudi nyuma hatua mbili bila kuongeza kamba. Haiwezekani! Kamba inavuta. Basi Kisawazishi asogee mbele kuwaelekea hatua moja. Mara kamba inatosha. Hesabuni tena: kutoka kwa Bomba mpaka kwa Kisawazishi ni hatua tano, na kutoka kwake mpaka kwa Kichwa ni hatua saba. Jumla ni kumi na mbili vile vile.

Mmeona siri yake? Kichwa kimekwenda hatua mbili, kisawazishi kimekwenda moja tu, kwa sababu kila hatua yake hupunguza kamba pande zote mbili. Katika mashine, badala ya kiuno cha mtu kuna vioo viwili juu ya kigari kimoja, na kigari hicho husogea nusu ya mwendo wa kichwa. Mwale unabaki na urefu ule ule daima.

Njia ya nne: kuunyoosha mwale mapema. Karibu na bomba huwekwa jozi ya lenzi zinazoupanua mwale kwanza na kuutoa ukiwa umenyooka zaidi. Mwale uliopanuliwa mara mbili hunenepa kwa kasi iliyopungua nusu. Safari bado inatofautiana, lakini madhara yake yanapungua.

Njia ya tano: uzi wa kioo. Kuna leza za aina nyingine ambazo mwanga wake hupita ndani ya uzi mwembamba wa kioo, kama ule wa faiba unaoleta intaneti mjini, mpaka kwenye kichwa. Uzi hauruhusu mwanga kutawanyika njiani, na urefu wake haubadiliki kichwa kinaposogea. Lakini jihadharini! Leza hizo ni za vyuma. Hazifai kwa mbao, na plastiki inayopitisha mwanga huzipitisha bila kukatika. Muuzaji akikwambia "hii ya faiba haina shida ya pembe", anasema kweli. Lakini kama kazi yenu ni herufi za mbao, mtakuwa mmenunua jembe la kuvulia samaki.

Mashine ndogo nyingi zinazouzwa mjini hazina kisawazishi. Hilo si kosa la jinai. Ni mashine za bei nafuu, na zinafanya kazi nyingi vizuri. Kosa ni kulipa bila kujua.

5. JARIBIO LA PEMBE NNE

Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya amana, mwambieni muuzaji kwa adabu kwamba kikundi chenu kina utaratibu wake. Nendeni na plaiwudi yenu wenyewe ya milimita 3, ya kutosha meza nzima.

(a) Pimeni kwanza kimo. Chukueni kipande kidogo cha mbao kama kipimo, mkipitishe kati ya kichwa na plaiwudi kwenye pembe zote nne na katikati, mashine ikiwa imezimwa. Kimo kisipolingana, meza imeinama, na hilo lirekebishwe kwanza.

(b) Kateni miraba mitano ya sentimita 5, mmoja kila pembe na mmoja katikati. Mwendo uwe ule ule, na nguvu ile ile. Msikubali muuzaji abadilishe chochote katikati ya jaribio.

(c) Andikeni namba kwa penseli juu ya kila mraba. Inueni plaiwudi polepole. Ipi imeanguka yenyewe? Ipi imebaki? Geuzeni mtazame upande wa chini: ipi imeungua, na ufa wa ipi ni mpana?

(d) Pembe ya mbali ikiwa mbaya, mwombeni fundi wa mashine afanye jaribio la karatasi. Hubandika kipande cha karatasi mbele ya tundu la kichwa, hupeleka kichwa pembe ya karibu, na kupiga mwale mfupi wenye nguvu ndogo uache alama. Kisha hupeleka kichwa pembe ya mbali na kupiga tena juu ya karatasi ile ile. Kazi hii ni ya fundi peke yake. Ninyi simameni kando.

Sasa someni matokeo. Alama mbili zikikaa mbalimbali, vioo vimekaa upande, na mwale unakosa njia. Huu ndio ugonjwa wa kawaida, na unatibika kwa bisibisi na subira. Lakini kumbukeni kwamba hata huu hukuzwa na urefu wa safari: mwale ukikosea milimita 2 kwa kila mita, ukienda mita mbili na nusu utakuwa umekosea milimita 5, na hapo unagonga ukingo wa tundu.

Alama zikikaa mahali pamoja, lakini ile ya mbali ni pana zaidi na mbao ya huko haikatiki vizuri, basi tatizo ni urefu wa njia wenyewe. Hilo halitibiki kwa bisibisi. Ni umbile la mashine. Mnunue mkijua hivyo na bei ipungue, au mwende kwingine.

Pale Dagoretti fundi alikuta yote mawili. Alirekebisha vioo kwa nusu siku, na pembe ya mbali ikaanza kukata. Lakini haikulingana na ile ya karibu hata baada ya hapo.

6. KAMA MASHINE MMESHANUNUA

Msikate tamaa. Wenzetu wa Dagoretti wanaitumia ile ile mashine mpaka leo. Hizi ndizo kanuni walizobandika ukutani:

Kwanza, pelekeni mbao kwenye mwanga, msipeleke mwanga kwenye mbao. Plaiwudi ikatwe vipande vinne vya sentimita 65 kwa 45, na kila kipande kiwekwe upande wa karibu. Badala ya tofauti ya sentimita 220, inabaki 110. Kazi inaongeza dakika chache za kubadilisha, lakini haipotezi mbao.

Pili, kama ni lazima kutumia meza nzima, rekebisheni kimo cha lenzi mkiwa katikati ya meza, si kwenye pembe ya karibu. Hapo tofauti inagawanywa pande mbili.

Tatu, pembe ya mbali ipewe mwendo wa polepole zaidi, au kazi ya kuandika juu juu isiyohitaji kupenya.

Nne, safisheni vioo na lenzi kama mwongozo wa mashine unavyosema. Moshi wa mbao huacha utando, na utando hula nguvu ya mwale.

Tano, wekeni daftari. Tarehe, aina ya mbao, pembe, mwendo, nguvu, na matokeo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la pembe lingemwokoa yule kijana tangu wiki ya kwanza, kwani wote wangeona kwamba kila kipande kibovu kimetoka upande mmoja.

7. TAHADHARI

Mwale wa leza ya gesi hauonekani kwa macho. Mawimbi yake ni mikromita 10.6, na jicho la binadamu haliyaoni, lakini unachoma jicho na ngozi mara moja. Mashine isiendeshwe mfuniko ukiwa wazi. Miwani iwe ile iliyotengenezwa kwa leza ya aina hiyo. Miwani ya jua haisaidii. Stima inayolisha bomba ni ya volti maelfu mengi, kwa hiyo asiye fundi asifungue nyuma. Bomba lipozwe kwa maji wakati wote. Msikate kamwe plastiki ya PVC, kama ile ya mabomba ya maji, kwa kuwa moshi wake una klorini, ni sumu kwa mapafu na hula vyuma vya mashine. Na msiiache mashine ikikata bila mtu. Mbao ni kuni!

8. TAFAKARI

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Huyo huketi kwanza na kupiga hesabu aone kama ana vya kumalizia, asije akaweka msingi halafu watu wakamcheka. Sisi mara nyingi tunahesabu pesa tu. Tunasahau kuhesabu umbali, muda, na moyo wa mtu tutakayemweka kazini.

Ule mwale ulikuwa mwaminifu kwenye pembe ya karibu, mahali pa kuonyeshea wageni. Kule mbali, ambako hakuna aliyetazama, ulikuwa dhaifu. Kikundi pia kinaweza kuwa hivyo. Viongozi walio karibu na meza ya mkutano wanapata habari zote. Mwanachama aliye mbali, asiyejua kujieleza, anapata lawama. Kusawazisha njia ni kazi ya mashine na ni kazi ya kamati pia.

Baada ya fundi kuondoka, kamati ya Dagoretti iliitisha mkutano wa wote. Iliandikwa kwenye kumbukumbu kwamba makato ya yule kijana yarudishwe yote. Mama mwenyekiti na mweka hazina walikwenda nyumbani kwao jioni ile ile, wakamkuta akimsaidia mama yake kupika. Mweka hazina alituambia, "Tulimhukumu mtoto wa watu kwa makosa ya mwanga." Kijana alirudi kazini. Yeye ndiye anayejaza lile daftari la pembe.

Kuuliza si ujinga, ndugu zetu. Na kama akiba yenu haijatosha, hakuna aibu kuanza kwa kupeleka kazi kwa mwenye mashine mjini na kumlipa kwa muda anaokata. Kaeni naye, tazameni pembe zake, mjifunze kwa pesa kidogo kabla ya kutoa nyingi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Baada ya jaribio la tochi, elezeni kwa maneno yenu kwa nini pembe ya karibu na pembe ya mbali hazikati sawa.

2. Katika zoezi la kamba, Kichwa akirudi nyuma hatua nne badala ya mbili, Kisawazishi asogee hatua ngapi? Jaribuni mwone.

3. Meza ya mashine mnayoitaka ina upana na kina cha sentimita ngapi? Jumlisheni mpate tofauti ya safari kati ya pembe ya karibu na ya mbali.

4. Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyewahi kulaumiwa kabla chombo hakijapimwa? Tumemrudishia nini?

5. Kabla ya kununua kitu kingine chochote kikubwa, iwe pampu, mashine ya kusaga au ng'ombe wa maziwa, "pembe ya mbali" ya kitu hicho ni ipi?

Tuandikieni mtuambie mlivyofanya zoezi la kamba. Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Hadi toleo lijalo.